Asilimia ileile, majani mengine

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Mombasa. Majina ya kijiji, ya kikundi na ya watu nimeyaacha nje, na alama za mahali zinazoweza kukitambulisha nimezitoa. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wa kikundi hicho, na fomu iliyotupotosha niliitengeneza kwa mkono wangu.

Ukisimama ufuoni hapo wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamepwa, unaona uwanda mpana wa mchanga na majani ukienda hadi kwenye maji ya ndani, yale yasiyokauka, na mbele yake mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mwambani. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4 siku hizo. Pale wanawake wanapotembea na michokoo, fimbo za kuchokolea pweza, saa nne asubuhi wakitafuta pweza, saa kumi jioni panapita madau. Wanaume hutega mitego ya malema kwenye maji ya ndani, wakipata tasi, changu na pono. Kazi hizi zote zinasimama juu ya majani, yaani nyasi bahari: tasi huyala, changu wadogo hujificha humo hadi wakue, na pweza huwinda pembezoni mwake.

Mwishoni mwa 2020 BMU ya kijiji, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wake, iliteua vijana wanane wafundishwe kupima afya ya bahari yao. Kazi zilikuwa mbili, matumbawe na nyasi bahari. Matumbawe ndiyo yaliyopewa uzito, na sababu inaeleweka. Wazee wote wanaukumbuka mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe ya pwani nzima na sehemu kubwa ikafa. Ukimwambia mtu "mwamba umekufa" anajua unachosema. Kwa hiyo vijana sita hodari wa kuzamia walipelekwa mwambani wakiwa na miwani, kamera ya majini na vipima joto vya kufunga chini. Wawili waliobaki walipewa kamba, fremu ya mabomba ya plastiki na fomu yangu.

Njia tuliyoifuata ni ya Seagrass-Watch, mpango ulioanzia Australia na unaotumika nchi nyingi za tropiki. Unatandaza mistari mitatu ya mita 50, sambamba, ikiachana mita 25. Kila baada ya mita 5 unaweka fremu ya sentimita 50 kwa 50. Fremu 11 kwa kila mstari, 33 kwa jumla. Ndani ya kila fremu unakadiria asilimia ya mchanga iliyofunikwa na majani, unataja aina za majani na sehemu ya kila aina, unapima urefu wake, unaandika kiasi cha mwani, na unapiga picha. Baada ya miezi mitatu unarudi palepale.

Mimi nikaondoa safu ya aina. Pwani ya Kenya ina aina 12 za nyasi bahari, na kadhaa zikiwa changa hufanana sana. Vijana wawili walikuwa na siku mbili tu za mafunzo. Nilihofia wataandika aina zisizo sahihi, nikaona heri nafasi tupu kuliko jina la uongo. Nikaondoa na urefu pia, kusudi wamalize fremu 33 kabla maji hayajaanza kujaa. Fomu ikabaki na asilimia ya majani, asilimia ya mwani, na namba ya picha.

Yaliyotokea

Kwa miaka miwili kikundi hakikukosa hata raundi moja. Hadi mapema 2023 walikuwa wamepima mara tisa, na jedwali lilikuwa safi. Kiasi cha nusu ya fremu kilikuwa kimefunikwa na majani mwanzoni, na nusu hiyohiyo mwishoni, kukiwa na kupanda na kushuka kidogo kwa kufuata pepo za kusi na kaskazi. Nikaandika kwenye ripoti kwamba eneo la nyasi ni tulivu. Tukaamua kuyasoma matokeo mbele ya kijiji tarehe 1 Machi 2023, Siku ya Nyasi Bahari Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza mwaka uliotangulia. Siku hiyo yalikuwa maji mafu, yasiyopwa sana, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda baharini, na watu walijaa chini ya mkungu.

Kijana wetu alisoma vizuri. Alipomaliza, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa mkekani nyuma alinyanyua mkono. Ni mtafuta pweza tangu utotoni.

"Mwanangu, majani yapi hayo mliyopima?"

Kijana akamwonyesha upande wa mistari yake.

"Hayo ni majani ya mchangani. Yale majani ya mti, ya huko maji ya ndani, yamekwisha. Sisi twapita hapo kila bamvua. Zamani mchokoo ukiuchoma hapo haufiki chini. Sasa wauchoma wagonga mchanga mtupu."

Mwenyekiti wa BMU alijaribu kuituliza hali, akasema wataalamu wamepima kwa miaka miwili. Wanawake wengine wakaanza kusema kwa pamoja. Mzee mmoja wa malema akaunga mkono upande wao: malema yake ya hapo alikuwa ameyahamisha mwaka uliopita, kwa kuwa tasi hawaingii tena. Mwingine akasema ni maji machafu ya mahoteli. Mwingine akasema ni juya, wavu wa kukokota. Baada ya nusu saa palikuwa na washtakiwa watatu na ushahidi hakuna.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuitetea ripoti. Nilikuwa na fremu 297 kwenye jedwali, na mbele yangu kulikuwa na kumbukumbu za watu. Kilichonizuia ni lile neno lake, "majani ya mti". Nililijua jani analolisema. Thalassodendron ciliatum haifanani na nyasi bahari nyingine. Ina shina jembamba gumu kama kijiti, na majani yamekusanyika juu ya shina kama shungi. Mtu asiyeitambua haipi jina hilo. Na kwenye jedwali langu zima hapakuwa na mahali ambapo ningeweza kuitafuta.

Maamuzi na sababu zake

Tulichoamua kwanza ni kutopima chochote kipya mpaka tuyasome tuliyokwisha kuyakusanya. Picha zilikuwapo. Ramadhani ilipoingia wiki tatu baadaye na safari za baharini zikapungua, tulikaa jioni baada ya futari tukizifungua moja moja kwenye kompyuta: vijana wawili, yule mama na wenzake wawili, na mimi. Raundi mbili nzima zilikuwa zimepotea kwa simu iliyoingia maji. Zilizobaki zilitosha.

Fremu ya saba ya mstari wa pili, ule uliokaribia zaidi maji ya ndani, ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Katika picha ya raundi ya kwanza mashungi ya majani marefu yamelala upande mmoja kwa mkondo, mchanga hauonekani. Picha ya mwaka uliofuata ina vijiti tu, vimesimama bila majani, kama shamba la mahindi lililovunwa. Katika picha ya mwisho kijiti hakuna hata kimoja. Kuna Halophila, vijani vya duara dufu vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na matandazo ya mwani wa kijani. Kwenye fomu, picha ya kwanza na ya mwisho zilikuwa zimeandikwa asilimia zinazokaribiana.

Nikamuuliza kijana aliyeandika imekuwaje, maana mwani una safu yake. Akanijibu bila kusita kwamba kwao yote ni mwani. Ni kweli. Pwani watu wengi huita mwani kila kinachoota baharini kikawa cha kijani, kiwe na mizizi na maua kama nyasi bahari au kisiwe nayo. Mimi niliandika neno hilo kwenye fomu kwa maana ya vitabuni, naye akalisoma kwa maana ya nyumbani, kwa hiyo palipokuwa na mchanganyiko aliweka vyote kwenye safu ya kwanza. Hakukosea lugha yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumuuliza neno hilo kwake lina maana gani.

Baada ya picha tukaamua kwenda majini tukiongozwa na wanawake. Mama tisa wa pweza walitembea wakiwa wametandaza mstari mmoja, kutoka mistari yetu hadi ukingo wa maji ya ndani, kila mmoja akiita alichokigusa kwa mchokoo: mti, mchanga, mwani, jiwe. Kijana mmoja alikuwa nyuma na GPS. Asubuhi mbili za bamvua zilitosha kupata ramani ambayo mistari yetu mitatu isingeitoa hata kwa miaka kumi, kwa sababu mistari hiyo niliichagua mahali pa kutembeleka kwa urahisi, karibu na njia ya kushukia bandarini.

Asubuhi ya pili ndipo tulipowakuta wanaoyala. Kwenye ukingo wa majani ya mti yaliyosalia walikuwa nungu wa baharini, Tripneustes gratilla, wamejipanga bega kwa bega kama jeshi. Ni wa mviringo, ukubwa wa ngumi, na miiba mifupi isiyochoma sana. Ana tabia ya kujifunika, kwa hiyo kila mmoja alikuwa amejitwika kipande cha jani au gamba la kombe mgongoni. Baadhi walikuwa wamepanda juu ya mashina, wamekaa penye mashungi, wanakata. Mbele yao majani, nyuma yao vijiti, na nyuma ya vijiti mchanga.

Jambo hili limeandikwa na watafiti katika maji ya Kenya tangu miaka ya 2000, na sababu yake inafahamika vizuri. Nyasi bahari nyingi hukulia chini: sehemu inayozaa majani mapya imefichwa penye mchanga, kwa hiyo likiliwa jani, jingine huchipua. Majani ya mti hukulia juu, kwenye ncha ya shina. Nungu akipanda na kuila ncha, shina hilo limekwisha. Kundi la nungu linaloweza kupita juu ya Thalassia, mojawapo ya nyasi zinazokulia chini, bila kuiua, likipita kwenye majani ya mti huacha makaburi.

Kwa nini nungu wawe wengi hivyo? Utafiti wa miaka mingi wa mwanasayansi Tim McClanahan na wenzake katika miamba ya Kenya unaonyesha kwamba palipovuliwa sana nungu ni wengi, na katika hifadhi za zamani kama Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, ni wachache. Anayewamaliza hasa ni kikande, yule mwenye mistari ya rangi ya machungwa, Balistapus undulatus, ambaye humgeuza nungu na kumvunja. Kikande huingia kwenye malema. Wavuvi wetu wenyewe walisema hawakumbuki mara ya mwisho kumpata mkubwa.

Hapo ubishi ulikuwa mkali. Vijana walitaka nungu wote wapondwe bamvua lijalo. Wazee wa malema hawakupenda kusikia kuhusu kikande. Waliokuwa na hasira na mahoteli walitaka maji yapimwe kwanza. Tulifikia mambo matatu. Tutawaondoa nungu kwa mkono kwenye kipande kimoja kidogo tu, na kipande kingine cha ukubwa huohuo jirani yake tutakiacha kama kilivyo. Hawatapondwa majini; watatolewa kwa ndoo na kuhesabiwa nchi kavu, kwa sababu ukiponda huko hujui umeua wangapi, na sisi tulihitaji idadi. Na wenye malema, kwa hiari, watamrudisha baharini kila kikande aliye hai. Afisa wa uvuvi wa eneo alielezwa kabla ya kuanza, akakubali.

Kuhusu maji, tuliamua kutonunua vipimo. Chupa moja ya maji iliyochotwa asubuhi moja inakueleza asubuhi hiyo, tena kwa wakati huo wa mkondo. Maji ya ndani hubadilika mara mbili kwa siku. Tukaamua badala yake kuandika kila raundi kiasi cha utando na mwani mdogo unaoota juu ya majani yenyewe, kwa maana mbolea na maji taka yakizidi huonekana hapo kwa wiki nyingi. Baadhi ya watu hawakuridhika, na ninaelewa kwa nini.

Matokeo

Uondoaji ulifanyika bamvua la mwisho wa Septemba 2023, kusi lilipotulia, na ukarudiwa mara tatu kwa sababu nungu waliingia tena kutoka pembeni. Kisha mwaka 2024 ukaja na joto ambalo lilipausha matumbawe tena, na mwezi Aprili na Mei mvua kubwa zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi zikashusha maji ya tope hadi ufuoni kwetu. Vijana wa mwambani walikuwa na kazi ya huzuni miezi hiyo. Kwa upande wa nyasi, vipande vyote viwili vilipata joto lilelile na tope lilelile.

Bamvua la Machi 2025 tulivilinganisha. Kipande kilichoondolewa nungu kilikuwa na mashina ya majani ya mti yakiwa hai pembezoni, pale yalipokuwa hayajaliwa, na katikati Thalassia na Syringodium, ile yenye majani ya duara kama tambi, vimeanza kusogea. Kipande cha jirani kilikuwa mchanga, Halophila na mwani. Majani ya mti hayajarudi katikati ya kipande chochote. Utando juu ya majani haukuwa mzito mahali popote tulipopima, isipokuwa karibu na mdomo wa kijito kimoja, na huko tumeongeza mstari wa nne.

Fomu ilibadilishwa. Safu ya aina imerudi, ikiwa na majina ya kijijini na mchoro wa kila jani. Ambayo hayakuwa na jina waliyapa wenyewe. Safu ya "mwani" sasa imeandikwa "yasiyo na mizizi". Wanawake wanne wameingia kwenye timu ya upimaji, na wanalipwa posho sawa na wazamiaji. Hili la posho lilichukua mikutano mitatu, mirefu kuliko mikutano yote ya nungu.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa langu, na halikuwa la uzembe. Lilitoka kwenye nia ya kurahisisha. Nilifikiri ninaondoa safu ngumu nikabaki na ile ya maana. Kumbe asilimia ya kufunika peke yake ni kama kuhesabu vichwa vya ng'ombe zizini bila kuangalia kama ni ng'ombe au mbuzi. Majani ya mti yalipokufa, nafasi yake ilichukuliwa na mimea ya haraka inayotandaa upesi na kung'olewa upesi kusi likivuma. Hiyo haishiki mchanga kama mashina yale, wala haimpi samaki mdogo kivuli cha kujificha. Kipimo kilichojumlisha vyote kingeendelea kusema "nusu" hadi shina la mwisho. Nilipaswa kuacha angalau aina tatu au nne kubwa, ambazo kijana yeyote wa pwani angezitofautisha baada ya asubuhi moja na mama yake.

Mahali pa mistari palikuwa kosa la pili, na hili nimeliona katika vikundi vingine vingi tangu hapo. Tunapima pale miguu inapofika. Uwanda unaokauka ni wa kwanza kupimwa na mara nyingi si wa kwanza kuharibika. Kama huna vifaa vya kuzamia, wenye michokoo wanafika mbali kuliko unavyodhani.

Kilichotuokoa ni picha. Ile safu ya "namba ya picha" niliiacha kwa mazoea tu, wala sikuwa na mpango wa kuzitazama. Lakini picha haikuchagua cha kuona kwa niaba yetu, na ndiyo maana miaka miwili ya kazi ya vijana haikupotea. Leo kikundi kinanakili picha mahali pawili jioni ileile, kabla ya chai.

Kuacha kipande kimoja bila kukigusa kulitugharimu maneno makali. Mama mmoja aliniuliza kwa nini ninawaangalia nungu wakila ilhali ndoo ninayo. Bila kipande hicho, joto na tope la 2024 vingefunika kila tulichokifanya, na tungebaki tukibishana kama mwanzo. Ningekiacha tena. Ambalo ningelifanya tofauti ni kumweleza kabla, si baada.

Kuhusu kikande bado siwezi kusema limefanikiwa. Wavuvi wanaotimiza ahadi wapo, na wapo ambao siku mbaya humpeleka nyumbani. Sijamlaumu yeyote kati yao. Kikande mmoja ni mboga ya usiku mmoja. BMU inajadili kutenga eneo dogo la maji ya ndani lisilotegwa kabisa, na mpaka unaopendekezwa unapita palepale penye ukingo wa majani ya mti yaliyosalia. Yule mama ndiye aliyeuonyesha, kwa mchokoo wake, akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini.